TAARIFA KWA WANACHAMA WOTE: NAFASI YA CHUO HAINA DALALI WALA KIMEMO

Ndugu wanachama,

Taarifa hii ni ndefu kuliko kawaida yetu. Tunaomba uisome mpaka mwisho kabla ya kujibu, na ukiituma kwa mwingine uitume nzima. Imejadiliwa na Kamati ya Utendaji ya Tawi Jumamosi jioni na imekubaliwa.

Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka tu, kundi letu liligeuka mnada. "Nafasi bado zipo! Ufaulu wowote! Mkopo uhakika! Wahi, siku zimebaki mbili!" Tangazo moja likishuka, linapanda jingine. Tumehesabu matangazo kumi na saba kwa siku tisa, na chini ya mengi kati ya hayo kuna namba ya simu ya mwanachama mwenzetu. Taarifa ya msiba wa mzee wetu wa shina namba mbili ilifukiwa na matangazo ya vyuo, watu wakachelewa kuzika. Hapo ndipo kamati iliposema basi.

Msidhani tatizo ni kelele. Kelele tungezifuta tu. Tatizo ni kilichompata mtoto wa mwenzetu mwaka jana, na kwamba mkono uliofanya ni wa ndani. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

*1. KILICHOTOKEA*

Mama mmoja wa tawi hili, mnamfahamu wengi maana vitumbua vyake ndivyo chai ya mikutano yetu, ana binti aliyemaliza kidato cha sita mchepuo wa PCM. Shule aliyosoma ni ya kata iliyoongezewa kidato cha tano. Mwalimu wa fizikia walikuwa naye mmoja, akahamishwa katikati ya mwaka. Binti alipata C ya Hisabati, D ya Fizikia na E ya Kemia. Kwa taratibu zetu C ni pointi 3 na D ni pointi 2, na masharti ya jumla ya kuingia shahada ni masomo mawili yenye jumla ya pointi zisizopungua 4. Kwa hiyo sifa za jumla alikuwa nazo. Alitaka ualimu wa hisabati na fizikia, arudi kufundisha mahali kama pale alipokosa mwalimu.

Mama hana simu ya intaneti. Mwanachama mwenzetu, kijana mchapakazi tunayemtegemea kwenye kampeni, akajitolea kumjazia binti maombi. Mama akamshukuru, akampa na soda. Kijana akajaza vyuo viwili: kile binti alichokitaka, na kingine ambacho binti hakukitaja. Mahali pa namba ya simu akaweka namba yake mwenyewe.

Majibu yalipotoka, binti alikuwa amechaguliwa vyuo vyote viwili. Kama mnavyojua, anayechaguliwa zaidi ya chuo kimoja anatakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba maalumu inayotumwa kwa ujumbe wa simu au barua pepe. Namba hiyo haikwenda kwa binti. Ilikwenda kwa kijana wetu. Naye akathibitisha kile chuo cha pili, kozi ya utawala wa biashara, kwa sababu chuo hicho humlipa shilingi 50,000 kwa kila kichwa.

Binti alijua siku orodha ilipobandikwa. Ziko njia za kufuta uthibitisho, lakini zina muda, na muda ulikuwa umekwisha. Ada ya kule mama hawezi hata akikaanga vitumbua usiku na mchana. Binti amekaa nyumbani mwaka mzima, anamsaidia mama yake kusaga mchele.

Mama na binti wametupa ruhusa ya kusimulia bila kuwataja majina. Kijana naye hatumtaji. Yumo humu kundini na anasoma. Ameitwa na kamati, amekiri, na amekubali kurudisha zile 50,000 kwa mama kwa awamu mbili. Mwaka wa binti hakuna awamu itakayourudisha.

*2. HUYU SI MTU MMOJA, NI UTARATIBU*

Baada ya kikao, wengine walisema tumfukuze kijana tumalize. Tungekuwa tumemtoa kafara mdogo tukawaacha wakubwa.

Tukumbushane tulikotoka. Kuanzia 2010 maombi ya shahada yalipita kwenye mfumo mmoja wa pamoja uliosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Mwombaji alijaza mara moja, akapanga vyuo kwa kadiri anavyovipenda, mfumo ukampangia. Ulikuwa na kero zake. Watu walilalamika kupelekwa kozi wasizozipenda, na vyuo vililalamika kuletewa wanafunzi visiowachagua. Kuanzia mwaka wa masomo 2017/18 mfumo ule uliachwa, na mwombaji sasa anaomba moja kwa moja kwenye chuo. TCU imebaki kuhakiki sifa na kutangaza awamu.

Kwa karatasi ni uhuru. Lakini kila chuo kina fomu yake, akaunti yake na ada yake ya maombi. Mtoto wa mjini mwenye kompyuta nyumbani anaomba vyuo vitano akiwa kitandani. Mtoto wa huku anapanga foleni stesheneri, analipa fomu, analipa wa kumjazia, analipa na karatasi. Akiweza vyuo viwili ameshukuru. Uhuru wa kuchagua umekuwa mrefu kadiri ya mfuko wa mzazi.

Na chuo kinachoishi kwa ada kikiambiwa kijitafutie wanafunzi, kitawatafuta kama duka linavyotafuta wateja. Kutafuta si dhambi. Kuna chuo kinatuma walimu wake mashuleni kueleza kozi, kuna kinachofungua milango wazazi waone maabara, kuna kinachotangaza redioni. Hayo ni sawa. Dhambi inaanza chuo kinapomlipa mtu kwa kichwa. Anayelipwa kwa kichwa hatakuuliza mtoto anataka nini. Hatakwambia kwamba kozi ile haijapata idhini, au kwamba bweni liko kilomita nne. Hatakwambia subiri awamu ya pili. Kazi yake inaisha siku mtoto anaposajiliwa, na kazi ya mzazi ndiyo kwanza inaanza siku hiyo.

Dalali wa kiwanja akikudanganya, unaweza kukiona kiwanja ukajua. Umri wa mtoto ukishapita hauna hati wala mahakama ya ardhi.

*3. MLANGO WA MBELE MPANA, MLANGO WA NYUMA TUNDU LA SINDANO*

Wapo watakaosema: mwacheni aingie, mbele ya safari atajijua. Hebu tutazame mbele ya safari.

Oktoba 2022 nchi ilishtuka kwa matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile ambayo kila mwenye shahada ya sheria anayetaka kuwa wakili lazima apite. Kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani walikuwa 342. Waliofeli kabisa walikuwa 265. Serikali iliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Wengine walilaumu taasisi kwa ukali, wengine walilaumu vyuo kwa ulegevu, na wengine walilaumu wanafunzi kwa Kiingereza.

Sisi wa tawi hatutaamua ugomvi wa wanasheria. Tunauliza swali la mzazi. Hawa 265 walipokelewa chuo kikuu na mtu. Kuna aliyewapa barua ya udahili, akapokea ada mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu na kuendelea, akawavisha joho, wazazi wakakodi basi dogo kwenda mahafali na mashada ya maua. Kama walifaa, kwa nini walianguka? Kama hawakufaa, kwa nini walipokelewa? Na kwa jibu lolote kati ya hayo mawili, nani amerudisha ada?

Hakuna aliyerudisha. Anayefungua mlango wa mbele analipwa kwa idadi ya wanaoingia. Anayelinda mlango wa nyuma analinda heshima ya taaluma. Hawa wawili hawaulizani, na katikati yao amesimama mtoto mwenye deni la bodi ya mikopo.

Mfano mwingine wengi mnaukumbuka. Mei 2016 wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati pale Chuo Kikuu cha Dodoma walirudishwa nyumbani baada ya walimu wao kusimama kufundisha. Kisha ukazuka mjadala wa sifa zao, na nchi nzima ikajifunza kuwaita vilaza. Baada ya uhakiki, baadhi walirejeshwa Dodoma, wengi wakapelekwa vyuo vya ualimu, na wapo walioambiwa hawana sifa. Watoto wale hawakuruka ukuta. Waliitwa, wakaja na masanduku yao. Aibu ya waliowaita ikabebwa na walioitwa.

Kwa hiyo mkisikia "ufaulu wowote", msifurahi haraka. Chuo kinachokupokea bila kukuuliza unaweza nini, kesho hakitaulizwa kwa nini umeshindwa. Utaulizwa wewe.

*4. NA KIMEMO JE?*

Sasa tuje kwetu sisi viongozi, maana nyani haoni kundule.

Kila msimu wa udahili ofisi ya tawi hupata wageni. "Katibu, niandikie kabarua. Mwanangu ameomba uuguzi, amekosa kidogo tu. Ukipiga mhuri wa chama watamfikiria." Wengine wanataka tumpigie diwani ampigie mtu ampigie mtu. Mimi ninayeandika taarifa hii, mwaka juzi niliandika barua moja ya namna hiyo. Niliiandika kwa huruma, kwa mtoto wa rafiki yangu. Sijui kama ilisaidia. Ninachojua ni kwamba kama ilisaidia, kuna mtoto mwingine aliyekuwa juu yake kwenye orodha akashushwa, na mtoto huyo hana mhuri. Sikumwona, kwa hiyo sikumhurumia. Hivyo ndivyo kimemo kinavyofanya kazi: kinampa sura yule unayemjua, kinamfuta yule usiyemjua.

Nimeiambia kamati jambo hili kabla ya kuwaambia ninyi. Sikuona haki ya kumhukumu kijana wa 50,000 huku kabati langu lina nakala ya barua ile.

Wazee wetu kundini walitukumbusha Azimio la Musoma, na walifanya vizuri. Novemba 1974 TANU iliamua kwamba kijana asitoke kidato cha sita moja kwa moja kwenda chuo kikuu. Kwanza aende Jeshi la Kujenga Taifa, afanye kazi, kisha apate mapendekezo ya mwajiri wake na ya tawi la chama. Mzee mmoja aliandika: "Mbona zamani tawi lilikuwa na sauti, leo mnaogopa nini?"

Mzee wetu, shikamoo, na jibu letu ni hili. Nia ya Musoma ilikuwa chuo kisijae watu wasiowahi kushika jembe. Sharti lile liliandikwa, likatangazwa, likamhusu mtoto wa waziri na mtoto wa mkulima. Na lilipoonekana kuumiza watu, lilirekebishwa mchana kweupe: wanawake waliondolewa kwenye sharti la kufanya kazi kwanza kwa kuwa idadi yao ya kuingia chuoni ilikuwa inashuka, na baadaye sharti lenyewe likaachwa. Unaweza kulipinga Azimio la Musoma kwa sababu unaweza kulisoma. Kimemo cha leo kimeandikwa wapi? Nani anaweza kukikatia rufaa? Lile lilikuwa sharti la nchi. Hiki ni siri ya watu wawili.

Na tukumbuke jambo moja la kututia moyo. Chuo chetu kikuu cha kwanza kilipoanza Oktoba 1961, kilianza na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wachache, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Chama kilitoa paa. Kinachofaa chama kufanya kuhusu elimu ni hicho: kutoa paa, kiti, taa na maarifa kwa kila anayekuja. Kusimama mlangoni na kuchagua nani aingie si kazi ya chama.

*5. MAJIBU KWA HOJA ZA KUNDINI*

_"Vijana hawana ajira. Mnamnyima riziki."_
Riziki ni neno zito, tusilichezee. Kijana anaweza kulipwa kwa kujaza fomu, ni kazi halali na ina jasho. Alipwe na mwombaji, kwa bei inayojulikana, na afuate anachotaka mwombaji. Akilipwa na chuo kwa siri huku anajifanya msaidizi wa mama, hapo ana mabwana wawili, na tumeona alimtumikia yupi.

_"Bila vyuo binafsi watoto wetu wangekaa nyumbani."_
Kweli. Vipo vyuo binafsi na vya dini vinavyofundisha vizuri, na vingi kati ya wauguzi wanaotuzalishia wake zetu vimewasomesha. Hatupigi vita chuo binafsi. Tunapiga vita malipo ya kichwa, yawe ya chuo binafsi au cha serikali. Chuo kizuri hakiumii na azimio hili. Kinachoumia ni kile kisichoweza kupata mwanafunzi bila dalali.

_"Wakubwa wanapitisha watoto wao. Sisi tukijizuia tunajiumiza."_
Hii ndiyo hoja iliyopata vidole gumba vingi zaidi, na inauma kwa sababu ina ukweli ndani yake. Lakini fikirini. Kwenye mashindano ya vimemo, sisi wa tawi ni wa ngapi? Mhuri wetu utashinda simu ya nani? Mwenye shibe ana vimemo vingi kuliko sisi, na vyenye karatasi nzito zaidi. Uwanja pekee ambao mtoto wa mama vitumbua anaweza kumshinda mtoto wa mkubwa ni ule wenye orodha ya wazi na pointi zilizoandikwa. Kila kimemo tunachoandika kinaharibu uwanja huo. Tunajichimbia shimo kwa jembe letu wenyewe.

_"Alama peke yake si haki. Shule ya kata si sawa na shule yenye maabara."_
Hii tunaikubali kwa mikono miwili. D ya Fizikia ya binti yule, aliyoipata bila mwalimu, huenda ni kazi kubwa kuliko B ya mtoto mwenye walimu watatu na masomo ya ziada jioni. Basi tudai iandikwe. Tudai vyuo vyetu vya umma viwe na nafasi zilizotengwa kwa wanaotoka shule zisizo na walimu wa sayansi, kwa vigezo vinavyosomeka na kila mtu. Tudai njia za kujiandaa, kama ile ya Chuo Kikuu Huria, zifikishwe huku na zigharimiwe. Mtoto anayebebwa na kanuni ya wazi anaingia chuoni kichwa juu. Anayebebwa na kimemo anaingia akimdai mtu fadhila au akidaiwa, na siku moja fadhila hiyo italipwa kwa gharama ya wananchi.

*6. MAAZIMIO YA TAWI*

1. Kuanzia leo hakuna tangazo la chuo kundini humu. Kinachoruhusiwa ni mwongozo rasmi wa udahili wa TCU kwa shahada na wa NACTVET kwa cheti na stashahada, pamoja na matangazo ya Bodi ya Mikopo.

2. Mwanachama yeyote anayelipwa na chuo kwa kuleta wanafunzi ajitangaze kwa Katibu ndani ya siku saba. Akijitangaza hatahukumiwa kwa yaliyopita. Akificha na kujulikana, suala lake litapelekwa ngazi ya kata kwa utaratibu wa nidhamu, na hatashika nafasi yoyote ya uongozi wa tawi kabla halijaamuliwa.

3. Hakuna kiongozi wa tawi atakayeandika barua, kupiga mhuri wala kupiga simu kumwombea mtu nafasi ya chuo. Barua ya utambulisho wa makazi ni kazi ya serikali ya mtaa, mwendeeni mwenyekiti wa mtaa. Mhuri wa chama tangu sasa unakaa kwa Mwekahazina, na daftari la matumizi yake liko wazi kwa mwanachama yeyote.

4. Kila Jumamosi saa 3 asubuhi mpaka saa 9 alasiri, kwa muda wote dirisha la udahili litakapokuwa wazi, ofisi ya tawi itakuwa na meza ya msaada. Walimu wawili wastaafu na wanachama wetu wanafunzi wa chuo wamejitolea. Msaada ni bure kwa mtoto wa mwanachama na asiye mwanachama, hata wa chama kingine. Mtoto aje mwenyewe, na simu yake au ya mzazi wake. Wa kwanza kuhudumiwa ni binti wa mama yetu.

5. Tawi linamwandikia diwani na mbunge wafikishe madai manne kwa wizara na mamlaka husika:
(a) Malipo kwa kichwa kwa wanaotafuta wanafunzi yapigwe marufuku, na chuo kitakachokiuka kizuiwe kudahili msimu unaofuata.
(b) Kila chuo kitangaze kwa kila kozi: walioomba wangapi, waliochukuliwa wangapi, aliyechukuliwa wa chini kabisa alikuwa na pointi ngapi, na kati ya walioingia wangapi walimaliza. Kwa kozi zenye mtihani wa taaluma, kitangaze na matokeo ya mtihani huo.
(c) Mwombaji alipe ada moja ya maombi itakayotumika vyuo vyote, na asiye na uwezo asilipe.
(d) Namba ya kuthibitisha nafasi ifungwe kwa simu ya mwombaji au mzazi iliyohakikiwa, na simu moja isiweze kutumika kwa waombaji kumi.

*7. KABLA HUJATOA HATA SHILINGI*

Mwekee mwanao haya ukutani.

Kwanza, tafuta jina la chuo NA jina la kozi kwenye mwongozo rasmi. Chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa na kozi unayouziwa ikawa haimo. Mwongozo hausomwi kwa pesa.

Pili, soma sifa za kuingia kwenye kozi yenyewe, usiishie kwenye sifa za jumla. Wengi wana sifa za jumla na hawana za kozi. Kwa ngazi ya cheti na stashahada, kumbuka masomo ya dini hayahesabiwi kwenye zile D nne.

Tatu, namba ya simu na barua pepe kwenye fomu ziwe zako. Nywila iwe yako. Usimpe mtu, awe mjomba, mchungaji, ustaadhi au katibu wa tawi.

Nne, lipa kwa akaunti ya chuo au kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Ukiambiwa utume kwenye simu ya mtu, ondoka.

Tano, udahili si mkopo. Mkopo unaombwa peke yake kwa Bodi ya Mikopo. Kwa stashahada, mikopo ilianza mwaka wa masomo 2023/24 na ni kwa fani za kipaumbele tu. Anayekwambia "mkopo uhakika" siyo bodi, na bodi haimjui.

Sita, ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, kaa na mwanao, mzungumze, kisha athibitishe mwenyewe kwa kidole chake.

*8. MWISHO*

Ndugu wanachama, tunajua taarifa hii itawaudhi baadhi yenu. Kuna aliyekuwa anategemea elfu hamsini za msimu, na kuna aliyekuwa anategemea mhuri wetu kwa ajili ya mwanawe mwezi ujao. Tunawaelewa, na mlango wa ofisi uko wazi mje tuzungumze ana kwa ana, si kwa sauti za dakika saba usiku wa manane.

Lakini tunapopanda jukwaani kusema tunapigania haki ya mtoto wa maskini, tujue kuna binti mmoja hapa mtaani anatusikiliza huku anasaga mchele. Yeye hahitaji hotuba yetu. Anahitaji fomu ijazwe kama alivyotaka, simu iwe yake, na hakuna mkono wa mtu kati yake na jina lake kwenye orodha. Hilo tunaliweza bila kusubiri uchaguzi wala bajeti. Tuanze Jumamosi hii.

Maoni yapelekwe kwa Katibu kwa ujumbe binafsi au yaletwe kwenye mkutano wa wanachama Jumapili saa 10 jioni, uwanja wa shule ya msingi. Kundi linafungwa kwa saa 24 ili kila mmoja asome kwanza.

Tawi hai, chama hai!

Imetolewa na:
Katibu Mwenezi wa Tawi
kwa niaba ya Kamati ya Utendaji ya Tawi